Ng'ombe ni wa nani? Mahakama inavyogawa mali ndoa inapovunjika Tarime na Serengeti

Tuseme ni asubuhi katika Mahakama ya Mwanzo wilayani Serengeti. Mama wa watoto watano, aliyeolewa miaka 22 iliyopita, amesimama mbele ya hakimu. Ameomba talaka na mgawanyo wa mali. Amezitaja zote: nyumba, mashamba mawili, ng'ombe 20 na duka dogo. Mumewe anapewa nafasi ya kumhoji. Ana swali moja tu.

"Hao ng'ombe unaowataja, umejuaje ni wetu na si wa baba?"

Mama ananyamaza. Ng'ombe hao amewakamua, ameuguza ndama wao, na usiku wa mvua amekesha akisikiliza kama zizi liko salama. Lakini jibu la swali hilo, jibu ambalo hakimu anaweza kuliandika, hana.

Mama huyu na mumewe ni mfano tu, hatumzungumzii mtu yeyote. Swali lenyewe, hata hivyo, linazijua boma nyingi za Tarime na Serengeti. Baba, wana wao na wake zao huishi karibu, mifugo hulala zizi moja, na shamba hutolewa kwa neno la mdomo mbele ya wazee. Watu wakiwa na amani hakuna anayeuliza kipi ni cha nani. Siku ndoa inapovunjika, hilo ndilo swali la kwanza.

Wapo wanaoamini mwanamke akiondoka huondoka na nguo zake. Wapo wanaoamini akifika mahakamani atapewa nusu ya kila kitu. Wote wawili wamekosea.

Sheria inasema nini

Sheria inayotumika ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambazo mume na mke walizipata wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Mahakama inaweza kugawa mali yenyewe, au kuamuru iuzwe na fedha zigawanywe.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulisahau. Amri hiyo hutolewa pale mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana, au baada ya hapo. Ndoa ikiwa bado ipo kisheria, huwezi kwenda kuomba mgawanyo peke yake kwa sababu tu mmegombana.

Katika kugawa, sheria inamtaka hakimu aangalie mambo manne:

- mila na desturi za jamii ya wanandoa;
- mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi;
- madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili;
- mahitaji ya watoto, kama wapo.

Baada ya kuyapima hayo, sheria inamwelekeza hakimu aegemee kwenye usawa. Kuegemea kwenye usawa si kukata katikati kila mara. Mmoja anaweza kupata zaidi ya mwenzake kulingana na mchango uliothibitishwa. Na uone, msomaji, kwamba katika orodha hiyo hakuna swali la nani alianza ugomvi.

Mila imo kwenye orodha, lakini ni moja kati ya mambo manne. Mzee akisema "kwetu mwanamke hana mali", kauli hiyo haimalizi kesi. Kwa upande wa ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Kazi za nyumbani ni mchango

Kwa miaka kadhaa baada ya sheria hiyo kutungwa, majaji hawakukubaliana juu ya jambo moja zito. Mke ambaye hakuwa na mshahara, aliyepika, kufua, kulea na kutunza nyumba, je, amechangia kupatikana kwa mali? Baadhi walisema hapana, hayo ni majukumu yake ya ndoa. Wengine walisema ndiyo.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitoa jibu katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif. Ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango wa kupata mali ya familia. Mume aliyeweza kwenda kazini na kujenga alikuwa amebebwa na kazi ya mtu aliyebaki nyumbani. Mpaka leo kesi hiyo hutajwa katika mashauri ya mali za ndoa nchini.

Sehemu ya pili ya hukumu hiyo haisimuliwi sana. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo aliouomba. Ilionekana kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitapanya. Mahakama ikaona kile alichostahili kwa mchango wake alikwishakipokea. Kwa hiyo alishinda hoja iliyowasaidia wanawake wengi waliomfuata, lakini yeye akatoka mikono mitupu.

Kesi za baadaye zimekazia upande huo huo wa ushahidi. Mwaka 2020, katika shauri la Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kiasi cha mchango wa kila mmoja ni suala la ushahidi. Anayedai amechangia lazima aonyeshe amechangia nini. Hilo linamhusu mke, na linamhusu mume vilevile.

Tuzipitie mali za familia ya mfano

Turudi kwa yule mama na mumewe, tupitie mali moja baada ya nyingine kama hakimu atakavyofanya.

*Shamba la kwanza na nyumba.* Shamba hili mume alipewa na baba yake kabla hajaoa. Mali ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya ndoa hubaki yake. Lakini kifungu cha 114 kinaongeza jambo: mali hiyo ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenza, au na wote wawili kwa pamoja, nayo huhesabiwa katika mali za ndoa. Kama lilikuwa pori na leo lina kahawa, migomba na nyumba ya bati waliyoijenga pamoja, mama ana hoja. Wakati mwingine ardhi hubaki kwa upande mmoja, na mwingine akalipwa thamani ya alichoendeleza.

Hali ni tofauti kama shamba bado ni la ukoo au la baba mkwe, na wao walikuwa wanalima kwa ruhusa tu. Mahakama haiwezi kugawa mali ya mtu ambaye si mwanandoa. Ndiyo maana baba mkwe huitwa kutoa ushahidi, na maneno yake huwa mazito: je, alimpa mwanawe shamba moja kwa moja, au alimwonyesha tu mahali pa kulima?

*Shamba la pili.* Hili walilinunua miaka kumi baada ya ndoa, kwa fedha za mahindi. Karatasi ya mauzo ina jina la mume peke yake. Sheria ya Ndoa inasema mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, *lakini* dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inatambua kwamba mwenza anayetia nguvu zake katika kulima na kuendeleza ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake anapata maslahi ndani ya ardhi hiyo. Mama akileta muuzaji, jirani wa mpakani na mashahidi waliosaini, jina moja kwenye karatasi halitamfungia mlango.

*Duka.* Duka lina jina la mama. Alilianzisha kwa mkopo wa kikundi, na mume akatoa fedha za kuezeka. Wanaume wengi hudhani mali ya mke haiguswi. Sheria haisemi hivyo. Duka lililopatikana kwa juhudi za wote ni mali ya ndoa, na mume ana haki ya kuonyesha mchango wake. Deni la kikundi lililobaki, kama lilikopwa kwa ajili ya familia, nalo litaangaliwa.

*Ng'ombe 20.* Hapa ndipo pagumu. Tuseme sita ni wa baba mkwe, wamelazwa hapo kwa sababu zizi lake ni dogo. Hao si mali ya ndoa. Wanne walitoka kwenye mahari ya binti yao mkubwa, na mume anasema wamewekwa kwa ajili ya mtoto wa kiume atakapooa. Hapo mila itazungumza, na hakimu atasikiliza pande zote mbili. Waliobaki kumi wamezaliwa zizini au walinunuliwa mnadani wakati wa ndoa. Hao ni mali ya ndoa kama mali nyingine yoyote, hata kama mke hajawahi kukanyaga mnadani.

Lakini mama asipoweza kuwatenganisha hao kumi na wale sita, yuko hatarini kupoteza wote. Akisema "ng'ombe wote 20 ni wetu", na baba mkwe akaja kuthibitisha sita wake, maneno yake mengine nayo yataanza kutiliwa shaka. Mwenye kujua hesabu kamili, akakiri kisicho chake, huaminiwa zaidi.

Mahari ilishalipwa, bado ana haki?

Wapo wanaume wanaosema: "Nilitoa ng'ombe wengi kumwoa, atapewaje tena?" Mahari ni makubaliano kati ya familia mbili. Haikuwa malipo ya awali ya kazi ya mke kwa miaka 22. Madai ya kurudishiwa mahari, kama yapo, yanasikilizwa kwa hoja zake yenyewe. Hayafuti haki ya mke katika mali aliyoshiriki kuichuma.

Na upande wa pili pia: ndoa iliyotimiza masharti mengine ya sheria haiwi batili kwa sababu mahari haikulipwa au haikuisha. Mume hawezi kusema "huyu si mke wangu, sijamaliza mahari" ili kukwepa mgawanyo.

Wake wengi, wanaoishi kinyumba, na nyumba ntobhu

Kwenye ndoa ya wake wengi, sheria inawapa wake wote haki sawa. Mke mkubwa si bora mbele ya sheria, wala mke mdogo si mgeni. Lakini mchango hupimwa kwa kila nyumba. Mali iliyochumwa na mume na mke wa kwanza kabla ya wa pili kuja ni vigumu kwa wa pili kuidai kama jasho lake. Boma ambazo kila nyumba ina shamba lake na mifugo yake inayojulikana huwa na ugomvi mdogo.

Kwa walioishi pamoja bila ndoa rasmi, kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mke na mume, kuna dhana kwamba wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa. Hata ikipingwa, mahakama bado ina uwezo wa kutoa amri za matunzo na watoto.

Nyumba ntobhu ni jambo jingine. Desturi hii ya mwanamke mwenye mali kumwoa mwanamke mwingine ili amzalie watoto inajulikana sana miongoni mwa Wakurya. Sheria ya Ndoa inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo uhusiano huo ukivunjika, kifungu cha 114 si mlango wa kupitia. Binti aliyefanya kazi miaka mingi katika nyumba hiyo yuko katika hali dhaifu sana. Mzazi unayeombwa binti yako kwa njia hiyo, lijue hilo kabla ya kupokea ng'ombe. Na aliyekwisha kuingia, anachonunua kwa fedha zake akiandikishe kwa jina lake.

Njia ya kufika mahakamani

Kesi ya talaka haianzii kwa hakimu. Sheria inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza hilo linaweza kuwa la kata, au la jumuiya ya dini lililotambuliwa kwa kazi hiyo. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati inayoeleza kwamba limeshindwa. Bila hati hiyo, shauri linaweza kuondolewa mahakamani, isipokuwa katika mazingira machache ambayo sheria imeyataja, kwa mfano mwenza aliyewatelekeza na hajulikani aliko.

Hapa wengi hupoteza muda. Kikao cha wazee wa ukoo au ritongo kina heshima yake, na mara nyingi kinapatanisha. Lakini barua ya wazee si hati ya Baraza la Usuluhishi. Nendeni kwa wazee, lakini wakishindwa, fikeni pia kwenye baraza.

Baada ya hapo unaweza kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, bila wakili. Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu nazo zina mamlaka juu ya mashauri ya ndoa, lakini kwa familia nyingi za vijijini ya Mwanzo ndiyo ya karibu. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa Mahakama ya Wilaya, Tarime au Mugumu, na baadaye Mahakama Kuu, Musoma. Rufaa ina muda wake. Siku ya hukumu muulize karani mwisho ni lini, na uombe nakala ya hukumu siku hiyo hiyo.

Msaada wa kisheria bila malipo umewekewa Sheria yake ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa.

Ukiona mwenzako ameanza kuuza mali kimyakimya, usisubiri. Nyumba ya familia haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kutolewa zawadi bila ridhaa ya mwenza wakati ndoa ipo. Mweleze mtendaji wa kijiji kwa maandishi kwamba hujaridhia, na uulize mahakamani namna ya kuomba zuio. Familia zenye ardhi karibu na mgodi wa Nyamongo ziangalie hilo zaidi: pakiwa na fidia ya ardhi, fedha hupita haraka kuliko kesi.

Watoto hawahesabiwi pamoja na ng'ombe

Kuna kauli kwamba watoto ni wa aliyetoa mahari. Mahakama inaanza na swali jingine: mtoto atakuwa salama na atalelewa vizuri wapi? Mila huangaliwa, matakwa ya wazazi huangaliwa, lakini ustawi wa mtoto uko juu. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, sheria ina dhana kwamba ni heri akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Na baba anabaki na wajibu wa matunzo hata kama mtoto anaishi kwa mama.

Mahitaji ya watoto pia yanaweza kubadili mgawo. Atakayebaki na watoto wanne anahitaji paa na shamba la chakula zaidi ya anayeondoka peke yake. Mzazi anayepigania bati la mwisho afikirie litawafunika akina nani.

Mambo ya kufanya mkiwa na amani

Yule mama wa mfano alinyamaza kwa sababu kwa miaka 22 hakuna aliyewahi kukaa chini akaandika. Haya yanawezekana hata wiki hii:

- Chukueni daftari. Andikeni kila ng'ombe: rangi, alikotoka, mwaka. Wa baba waandikwe wa baba, wa mtoto waandikwe wa mtoto.
- Tunzeni karatasi za mnada, stakabadhi za mazao, risiti za bati na saruji. Zipigeni picha kwa simu, na kila mmoja awe nazo.
- Mkinunua shamba, andikeni majina yote mawili kwenye karatasi ya mauzo na kwenye hati ya hakimiliki ya kimila.
- Baba akiwapa shamba, mwombeni kwa heshima aandike mbele ya mtendaji na mashahidi kwamba amewapa.
- Mkopo wa kikundi uandikwe ulifanya kazi gani.

Kuandika hivyo si uchuro wa kuombea ndoa ivunjike. Daftari hilo hilo litamsaidia mjane ndugu wa marehemu wakija kuhesabu mifugo. Litamsaidia mume pia siku kaka zake watakapodai zizi zima lilikuwa la mzee. Na kama Mungu atawajalia kuzeeka pamoja, watoto watajua wazazi wao walianza na ng'ombe wangapi.